Rotala macrandra Mwanza: mwongozo kamili wa kukuza mmea mwekundu kwenye tangi la samaki

Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mwanza huuliza swali moja kila mara: "Nilinunua mmea mwekundu, sasa umegeuka kijani na majani ya chini yanaoza. Niongeze mbolea ya chuma kiasi gani?" Jibu langu huwa ni kwamba chuma kisubiri. Wekundu wa mmea huu unaletwa na mwanga mkali, gesi ya kaboni dayoksidi isiyoyumba na maji laini. Chupa ya mbolea ya chuma hufuata nyuma kabisa, na anayeanza nayo mara nyingi hufuga mwani badala ya mmea.

Mmea wenyewe ni Rotala macrandra. Kwao ni kusini-magharibi mwa India, kwenye vijito na maeneo yanayofurika msimu wa mvua. Ni wa familia ya Lythraceae, ambayo ndiyo familia ya mhina na mkomamanga, kwa hiyo rangi kwao ni jambo la ukoo. Majani yake ni mapana, laini, yamejikunja kidogo pembeni kama kitambaa cha hariri, na ukipata mazingira sahihi yanakuwa mekundu ya damu juu na ya waridi au zambarau upande wa chini. Shina lake ni dhaifu mno. Ukilibana kwa nguvu kidogo tu linachubuka, na kesho yake sehemu ile inakuwa nyeusi.

Zipo aina kadhaa sokoni: yenye majani mapana ya kawaida, yenye majani membamba, na ndogo inayouzwa kwa jina la "Mini Butterfly". Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua ya majani membamba. Inavumilia zaidi, na mbinu ni zilezile.

Maji ya ziwa ni mtaji wako

Huu mmea unataka maji laini: ugumu wa kaboneti (KH) kati ya 1 na 4, pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 5.5 na 6.8, joto nyuzi 23 hadi 27. Mtu wa Dodoma mwenye maji ya kisima kirefu lazima anunue mashine ya kuchuja chumvi kabla hajaanza. Wewe wa Mwanza unafungua bomba tu. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, ndiyo maana lina chumvi kidogo sana. KH ya maji ya bomba yanayotoka ziwani kwa kawaida huwa karibu na 3. Nunua kipimo cha matone na upime mwenyewe, maana kuna nyumba zinazochanganya maji ya bomba na ya kisima kwenye simtanki moja, na maji ya kisima ni habari nyingine.

Usishtuke ukikuta pH ya 8. Watu wengi wakiona namba hiyo wanakimbilia kununua dawa za kushusha pH. Hazihitajiki. KH ikiwa ndogo, gesi utakayoingiza itaishusha pH yenyewe.

Joto nalo halina shida. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku unapoa, hivyo tangi la ndani hukaa nyuzi 24 hadi 27 bila hita na bila feni. Hatari ni dirishani. Jua la saa kumi alasiri likipiga kioo, joto linapanda na mwani unashangilia. Weka tangi ukuta wa ndani.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye pipa lililo wazi usiku kucha, na pampu ya hewa ikipuliza ndani, au tumia dawa ya kuondoa klorini (thiosalfeti ya sodiamu ni ya bei nafuu na gramu chache hudumu miezi). Msimu wa mvua maji ya ziwa yakichafuka, harufu ya klorini bombani inaweza kuongezeka; siku hizo tumia dawa, usitegemee kuyaacha tu.

Maji ya kuchota moja kwa moja ziwani usiyalete kabisa. Yanakuja na konokono, na baadhi ya konokono wa ufukweni ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Utaingiza mikono ndani ya tangi hilo kila wiki. Pia yanakuja na mwani wa kijani-bluu, ule unaofanya maji ya ghuba yafanane na rangi ya kijani ya kupaka ukuta siku zisizo na upepo.

Kasoro moja ya maji yetu ni kwamba ni laini kupita kiasi upande wa kalsiamu na magnesiamu. Majani machanga yanajikunja na kudumaa, halafu mtu analaumu taa. Dawa yake ni jasi safi ya kilimo (salfeti ya kalsiamu) na chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu). Kwa kila lita 40 za maji mapya, weka gramu 2.5 za jasi na gramu 1.5 za Epsom. Ugumu wa jumla (GH) unapanda takriban nyuzi 3 bila kugusa KH. Jasi inayeyuka polepole, kwa hiyo ikoroge pipani jana yake. Jasi ya kupaka dari isitumike, huwa imechanganywa na vitu vingine.

Tangi, mchanga na mawe

Mwongozo huu unachukulia tangi la sentimita 80 kwa 40 kwa 40. Kwa hesabu ni lita 128, lakini ukishaweka mchanga na kuacha nafasi juu unabaki na karibu lita 100 za maji, na hesabu zote za mbolea hapa chini ni za lita 100. Fundi wa vioo na alumini yeyote mzuri anaweza kukutengenezea. Mwambie: "Fundi, kioo kiwe cha milimita nane, na silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu." Dawa hiyo inaua samaki. Tangi likijaa litakuwa na zaidi ya kilo 160, kwa hiyo meza ya televisheni haitoshi. Chomelea stendi ya chuma.

Kimo cha sentimita 40 kina sababu. Tangi likiwa refu kwenda juu, mwanga unafika chini umechoka, na Rotala inavua majani ya chini.

Kuhusu chini ya tangi, kama mfuko unaruhusu, nunua udongo maalumu wa akwariamu, ule wa chembechembe nyeusi zilizochomwa. Unashusha KH na pH wenyewe na unashika mbolea. Ukikosa, chekecha udongo wa kawaida wa shambani usio na samadi, uloweke kwenye beseni, mwaga maji, loweka tena, kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha tandaza sentimita 2 na ufunike kwa sentimita 4 za mchanga wa chenga za milimita 1 hadi 2. Udongo mweusi wa mbuga ninauogopa kwa sababu mara nyingi una vijiwe vyeupe vya chokaa.

Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa umbo, tatizo ni vipande vya makombe. Chukua kiganja kimoja, weka kwenye bakuli la glasi, mwagia siki. Ukisikia mchemko na kuona vipovu vinapanda, mchanga huo utapandisha KH kila siku na kazi yako yote itakuwa bure. Ukinyamaza, uoshe mpaka maji yatoke meupe, kisha uchemshe au uanike juani mpaka ukauke kabisa ili mayai ya konokono yafe.

Mawe usiyanunue. Mji umejengwa juu ya matale, yaani mawe ya granite, na granite haitoi chochote ndani ya maji. Vipande vya mawe yaleyale yanayopasuliwa kokoto vinafaa kabisa kwa kupamba. Visugue kwa brashi, pima kwa siki kwa uhakika, weka.

Taa

Kwa lita 100 lenga lumeni 4,000 hadi 5,000 za LED nyeupe, zenye alama ya 6500K kwenye boksi. Taa mbili za nje za LED za wati 25 hivi, zikining'inizwa sentimita 20 juu ya maji, hufanya kazi ambayo taa ya akwariamu ya bei mara kadhaa ingefanya. Sura yake siyo ya sebuleni, lakini mmea hausomi chapa.

Neno moja kuhusu picha za mtandaoni. Nyingi zimepigwa chini ya taa zilizoongezewa LED nyekundu na bluu, ambazo hufanya hata kijani kibichi kionekane cha waridi. Taa hizo zinapendeza na hazina madhara, ila usipime mafanikio yako kwa picha hizo. Toa shina moja, lishike juani mlangoni, utaona rangi yake halisi.

Anza na saa 6 kwa siku kwa mwezi wa kwanza, kisha panda taratibu mpaka saa 8. Tumia taima. Anayewasha taa kwa mkono siku anayokumbuka na kuzima anapokwenda kulala hawezi kuukuza mmea huu, na wala asijilaumu, achague mwingine.

Kwa nini mwanga unaleta wekundu? Rangi ile ni anthosiyanini, ambayo mmea hutengeneza kujikinga na mwanga mkali. Mwanga ukiwa hafifu hauna haja ya kinga hiyo, unabaki na klorofili yake ya kijani. Ndiyo maana kilele kilicho karibu na taa huwa chekundu na chini huwa cha shaba.

Gesi: hapa ndipo watu wengi wanaanguka

Mwanga mkali bila kaboni dayoksidi ni kuuchosha mmea huku ukiunyima chakula. Lengo ni miligramu 25 hadi 30 za gesi kwa lita moja ya maji, kuanzia taa zinapowaka hadi karibu zinapozimwa, kila siku kiwango kilekile.

Njia zipo tatu.

Ya kwanza ni hamira na sukari. Chupa ya lita 2, vikombe viwili vya sukari, nusu kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu hadi kwenye mabega ya chupa, mpira mwembamba kwenda tangini. Ni rahisi na kila kitu kinapatikana duka la jirani. Lakini inatoa gesi nyingi siku za mwanzo, kidogo baada ya wiki mbili, na usiku haizimiki. Kwa tangi la lita 30 na mimea ya kawaida ni sawa. Kwa Rotala macrandra kwenye lita 100 sikushauri, kwa sababu kuyumba kwa gesi ndiko kunakoleta ule mwani mweusi wa ndevu unaong'ang'ania majani. Na kamwe usiizibe chupa ya hamira kwa valvu, itapasuka.

Ya pili ni unga wa ndimu (asidi ya sitriki) na bikaboneti ya soda ya kupikia. Magadi ya jiwe hayafai. Unahitaji vifuniko maalumu vyenye valvu na geji, ambavyo huagizwa kwa bei ya wastani. Chupa moja inachukua gramu 200 za unga wa ndimu na mililita 200 za maji, nyingine gramu 200 za bikaboneti na mililita 200 za maji. Ukiibinya chupa ya asidi, tone linavuka, gesi inazaliwa, shinikizo linapanda, na valvu inaitoa kidogo kidogo. Tumia chupa za soda tu. Shika chupa ya soda na ya maji ya kunywa kwa pamoja: ya soda ni ngumu na kitako chake kina miguu mitano ya duara, imetengenezwa kuhimili shinikizo, ya maji inabonyea kwa kidole gumba na itakulipukia.

Ya tatu ni mtungi wa gesi iliyobanwa, uleule unaotumika kwenye mashine za soda na kwenye vizima moto vya kaboni dayoksidi. Wanaojaza vizima moto na wauza gesi za viwandani wanaweza kukujazia. Funga regyuleta yenye valvu ya sindano na valvu ya umeme iliyounganishwa kwenye taima. Gharama ya mwanzo inauma, ila mtungi wa kilo 2 kwa tangi hili hudumu miezi, na hii ndiyo njia ninayompendekezea kila aliyedhamiria. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mkanda, na usiwe chumba cha kulala kisichopitisha hewa.

Washa gesi saa moja na nusu hadi mbili kabla ya taa, na uizime saa moja kabla ya taa kuzimwa. Usiku mimea na samaki wote wanapumua, gesi haina kazi.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu KH, pH na gesi vinafungamana. Zidisha KH kwa 3, kisha zidisha kwa 10 iliyopandishwa kipeo unachopata kwa 7 kutoa pH yako. Kwa KH ya 3 na pH ya 6.5 unapata miligramu 28 kwa lita. Kwa hiyo kwa maji mengi ya bomba hapa, kazi yako ni kufungua valvu mpaka pH ifike 6.5 taa zinapowaka, basi. Kwenye udongo maalumu KH inaweza kushuka mpaka karibu sifuri na hesabu hii ikakudanganya. Hapo tegemea kile kidude cha kioo (drop checker) kinachoning'inizwa ndani ya tangi chenye maji ya rangi. Bluu ni gesi kidogo, kijani kibichi ni sawasawa, njano ni hatari. Kinachelewa saa mbili hivi kuonyesha, kwa hiyo usibadilishe valvu kila dakika.

Ongeza gesi kidogo kidogo kwa siku kadhaa ukiwa nyumbani. Samaki wakipanda juu na kuhema mdomo wazi, punguza gesi papo hapo na washa pampu ya hewa.

Umeme ukikatika, taa, filta na valvu ya umeme vinazima pamoja, na hilo ni jema. Weka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukirudi, taima za kisasa zenye betri zinaendelea na saa zake. Zile za kuzungusha zinachelewa kwa muda ule umeme uliokatika, kwa hiyo zikague jioni. Kukatika saa mbili tatu hakudhuru. Ikizidi saa nne, pampu ndogo ya hewa ya betri itaokoa samaki na bakteria wa filta.

Chakula

Hapa ndipo maduka ya pembejeo yanapokuwa msaada. Mbolea za umwagiliaji wa matone za nyumba-kitalu ndizo zilezile zinazouzwa kwenye vichupa vya akwariamu kwa bei ya kuruka. Unahitaji nitrati ya potasiamu, fosfeti ya potasiamu (MKP), na chuma cha DTPA (kemikali inayoshikilia chuma kibaki kimeyeyuka majini) au mchanganyiko wa madini madogo wenye DTPA. Usitumie urea, DAP wala CAN: amonia yake inaua samaki na kulisha mwani. Chuma kina aina zake pia. EDTA inaachia mapema pH ikizidi 6.5, EDDHA inageuza maji kuwa mekundu kama juisi ya rozela. DTPA ndiyo ya kati, inafaa.

Chupa ya kwanza: mililita 500 za maji yaliyochemshwa, gramu 30 za nitrati ya potasiamu, gramu 5 za MKP. Mililita 10 kwenye lita 100 zinaongeza takriban miligramu 3.7 za nitrati na 0.7 za fosfeti kwa lita.

Chupa ya pili: mililita 500, gramu 5 za chuma cha DTPA cha asilimia 11. Mililita 10 zinaongeza kama miligramu 0.1 ya chuma kwa lita. Kama umenunua mchanganyiko wa madini, soma asilimia ya chuma kwenye mfuko na urekebishe gramu.

Chupa hizi zisichanganywe. Chuma na fosfeti vikikutana kwenye chupa moja vinashikamana na kuzama chini kama tope. Ya kwanza weka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa; ya pili Jumanne, Alhamisi na Jumamosi; Jumapili badilisha asilimia 40 ya maji. Wiki za mwanzo weka nusu ya kipimo, yaani mililita 5.

Utasikia ushauri wa kuufanyisha mmea njaa ya nitrati ili uwe mwekundu. Una ukweli nusu. Nitrati ikiwa chini, miligramu 5 hadi 10, rangi inakolea. Ikifika sifuri, macrandra inadumaa vilele na haisamehe haraka.

Kupata miche na kuipanda

Usianze na mmea huu kwenye tangi jipya. Tangi liendeshwe kwanza wiki 4 hadi 6 na mimea ya haraka isiyo na makuu, mpaka amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangi, zisome sifuri. Ndipo ulete Rotala.

Miche mingi inayouzwa Afrika Mashariki imetoka nje ya nchi. Ukiagiza mwenyewe, mimea hai inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Anayesimamia hayo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Fuata utaratibu, maana mzigo ukizuiliwa siku tatu kwenye joto, kitakachotolewa ni supu. Miche ya maabara, ile iliyo kwenye vikopo vya jeli, ndiyo salama zaidi: haina konokono, haina mwani, na inavumilia safari.

Ikifika, usishangae ukiona majani ni ya duara na ya kijani. Imekuzwa juu ya maji. Majani hayo mengi yatakufa chini ya maji na mapya yatatoka laini na mekundu. Kuoza kwa wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Kinachotazamwa ni kilele. Kikiwa hai, mmea uko hai.

Osha jeli yote kwa maji ya uvuguvugu. Tenganisha mashina moja moja. Chagua yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, ondoa majani ya vifundo viwili vya chini kwa mkasi mdogo, usiyanyofoe kwa vidole. Shika shina kwa kibano kirefu chini kabisa, sambamba na shina lenyewe, lisukume mchangani kwa mshazari mpaka sentimita 3 zizame, fungua kibano taratibu, kitikise kidogo, ndipo ukitoe. Ukikitoa wima kwa haraka, shina linakufuata.

Acha sentimita 2 hadi 3 kati ya shina na shina. Kila mtu hutaka kichaka mara moja na hupanda fungu zima kwenye shimo moja. Ndani ya fungu hilo mwanga haufiki, maji hayapiti, na katikati inaoza kimyakimya huku nje kukionekana kuzuri. Panda nyuma au katikati ya tangi, mahali ambapo mkondo wa filta unayumbisha majani kidogo bila kuyalaza.

Kukata

Vilele vikifika sentimita 5 chini ya uso wa maji, kata. Mmea huu haupendi kukatwa katikati na kuachiwa kisiki kama mimea mingine. Visiki vinachipua vidogo na vyembamba. Kata sentimita 10 za juu kwa mkasi mkali, ng'oa kisiki na mizizi yake, panda kilele pale pale. Visiki viwili vitatu vyenye afya hamishia pembeni penye mwanga, vitatoa machipukizi utakayoyatumia baadaye. Kata theluthi moja ya kichaka kwa wakati, mbili zilizobaki wiki zinazofuata. Ukikata yote siku moja, tangi linabaki halina mlaji wa mbolea na mwani unachukua zamu.

Samaki wa kuishi nao

Furu wetu wa ziwani ni wazuri wa rangi, lakini hawafai hapa: wengi wanachimba mchanga, ni wagomvi, na wamezoea maji yenye pH ya juu. Vifaranga vya sato watakula mmea. Samaki wa dhahabu vilevile. Chagua tetra wadogo, rasbora, au kambare wadogo wa aina ya corydoras, na uduvi wadogo wa kula mwani kama unaweza kuwapata. Idadi iwe ndogo, 15 hadi 20 kwa tangi hili, na chakula kidogo mara moja kwa siku.

Dalili na chanzo chake

Majani machanga ni meupe-njano na mishipa imebaki na rangi: hapo ndipo chuma kinapohusika. Majani ya zamani yana vitobo: potasiamu haitoshi. Vilele vimejikunja na kuwa vidogo: angalia kalsiamu kwanza, kisha uliza kama gesi iliyumba au kama ulibadilisha maji ya chanzo kingine siku za karibuni. Macrandra inachukia mabadiliko ya ghafla ya KH kuliko KH mbaya isiyobadilika.

Majani ya chini yanaanguka huku vilele vikiwa vizuri: msongamano, punguza mashina. Mmea unakua haraka, mrefu, wa kijani, pingili zikiwa mbali mbali: mwanga ni mdogo. Mwani mweusi wa ndevu: gesi inayumba au mkondo haufiki pale, kata majani yaliyoshikwa, rekebisha gesi. Vumbi la kijani kwenye kioo ni la kawaida, futa kwa kadi ya zamani ya benki na uendelee na maisha.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na usubiri wiki mbili kabla ya kuhukumu. Jani lililokwisha haribika halirudi. Tazama yale yanayozaliwa.

Masalia na kuuza vilele

Vipande unavyokata visitupwe ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Magugu maji yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliwahi kuziba ghuba na mialo, na asili yake ni Amerika Kusini, ua la kupendeza lililoletwa na watu. Anika vipande juani mpaka vikauke, kisha tia kwenye mbolea ya bustani. Maji machafu ya tangi mwagia mchicha.

Vilele vizuri vina soko. Kumtumia mteja wa Kahama au Musoma kwa basi, kata vilele asubuhi kabla ya taa kuwaka, funga vitano vitano kwa kipande cha sponji chini, zungushia karatasi ya tishu iliyolowa, weka kwenye mfuko wa plastiki usio na maji ila matone, puliza hewa mfuko uvimbe, fungia juu kwa raba. Weka ndani ya boksi lenye magazeti yaliyokunjwa, andika upande wa juu, na mwombe kondakta asiliweke kwenye buti karibu na injini. Basi la alfajiri ni bora kuliko la mchana.